Ordinatere haikukufa, ilikosa paka mwenye kupanga mulongo

Ile Jumatano, saa kumi ya muchana, nilivuta waya ya ordinatere ku ukuta. Niliivuta kwa hasira, vile mutu anavuta kamba ya mbuzi yenye inakataa kutembea. Ekrani ikakuwa nyeusi. Mama mwenye alikuwa anangojea barua aliniangalia, mimi naye nikamuangalia, hakuna mwenye alisema neno. Mu ile sekunde moja nilipotesha kazi ya masaa sita. Na kazi yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya wafanyakazi 95.

Wandugu, nawaelezea hii aibu juu najua haiko ya mimi peke yangu. Kuko biro mingi za sendika, masomo, parokia, na nyumba za wachimbaji wenye watoto wao wako ku université, zenye ziko na ordinatere moja tu, ya occasion, yenye kila mutu anaiita kizee. Siku ya kazi kubwa inakwama. Mutu anaanza kuhesabu franka za kununua ingine. Lakini mara mingi ile mashini haiko na ugonjwa. Inakosa tu mutu wa kuiambia nani anapita wa kwanza.

Deni yenye inakufa

Kwanza muelewe kazi yenyewe ilikuwa gani. Watu 95 wa kampuni moja ya sous-traitance, hapa Kolwezi, walikuwa wanadai masaa yao ya kuongezeka, zile heures supplémentaires. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema kazi isipite masaa 45 mu juma, na yenye inapita inalipwa na nyongeza. Hiyo watu wengi wanaijua. Yenye hawaijue ni hii: sheria hiyo hiyo inasema deni ya mushahara inakufa kisha mwaka moja, kuanzia siku ulipaswa kulipwa. Ukilala, mwezi moja unakufa, kisha wenye kuufuata nao unakufa. Na mbele ya kufika ku Tribunal du travail, inaomba kupitia kwanza ku Inspection du travail, mujaribu kupatana.

Ile Ijumaa, mwezi wa kwanza wa madai yetu ulikuwa unatimiza mwaka wake. Kila mufanyakazi alileta fishi zake 12 za malipo. Zingine zilikuwa zimekunjwa ndani ya Biblia, zingine ziko na mafuta ya mashini, moja panya alikuwa amekula pembe yake. 95 mara 12, ni fishi 1.140. Tulizipitisha zote ku skaneri, zikakuwa picha mu ordinatere. Kisha tukatia programu yenye inasoma herufi na hesabu ndani ya picha na kuziandika mu tablo: jina, mwezi, masaa, mushahara.

Hiyo kazi ya kusoma picha inakula nguvu ya mashini kupita kazi zote za biro. Na hatukuweza kuiacha peke yake, juu programu inakosea. Ku fishi yenye imefifia inasoma 8 inaandika 3. Kwa mufanyakazi, hapo masaa tano yamepotea. Kwa hiyo kamarade mwingine alipaswa kukaa pale pale, kulinganisha tablo na karatasi, kusahihisha, wakati mashini inaendelea kusoma fishi zingine. Kazi mbili kwa mara moja, mashini moja, siku tatu.

Jumatano ile mama akaingia. Bwana yake alikuwa amelala ku hospitali, alikuwa anaomba barua ya kuonyesha ku kaisi yetu ya kusaidiana. Mistari munane tu. Nikafungua programu ya kuandika: hakuna kitu. Nikasukuma kale kapanya tunaita souris: mushale ukabakia pale pale, kisha ukaruka mbali. Nikaandika "Sisi", nikangojea, ikatokea "S". Mama akaanza kuangalia saa. Basi njo pale nilivuta waya.

Barua niliiandika kwa biki, nikapiga stampi. Mama akaenda. Mimi nikabakia na aibu yangu.

Robine moja, bidoni ishirini

Jioni nikaita kijana moja wa kwetu mwenye anasoma informatique. Nikamwambia mashini imekufa. Akaiwasha, akaiangalia dakika tano, akacheka.

"Papa delege, hii mashini haikukufa. Weye njo uliacha mutu moja na bidoni ishirini ku robine, na nyuma yake mutoto na kikombe."

Hapo nikaelewa, juu nimekaa ku mulongo wa maji tangu utoto wangu. Nitawaelezea vile alinielezea.

Ndani ya kila ordinatere muko prosesere, njo yenye inafanya hesabu zote. Ni kitu kidogo, unaweza kuiweka mu kiganja. Tena ndani yake muko waya ndogo sana za shaba: mu 1997 kampuni IBM ya Marekani ilitangaza kama inaanza kutia shaba pahali pa aluminium, kisha wengine wakafuata. Kwa hiyo hata pale muko kitu yenye sisi tunatoa mu udongo.

Prosesere ni robine. Kila programu inakuja na bidoni zake. Mashini yetu iko na robine 4, ku karatasi zinaandika 4 cœurs. Prosesere haimalizie mutu moja bidoni yote mbele ya kupita ku mwingine. Inamupa kidogo, sehemu ndogo sana ya sekunde, inapita ku mwingine, inarudia. Inafanya hivyo mbio mbio, njo maana unaona programu zote zinatembea pamoja.

Sasa, programu ya kusoma fishi ni ule mutu wa bidoni ishirini. Anaweka bidoni ku kila robine, na kila bidoni iko na haki sawa na ya wengine. Souris na klavye ni mutoto mwenye kikombe. Anaomba kidogo sana, lakini anaiomba sasa hivi, juu mugonjwa ku nyumba anangojea kumeza dawa. Ukimupa zamu sawa na bidoni zote ishirini, kikombe kitajaa, ndiyo, lakini kitachelewa. Na mutu mbele ya ekrani anaona mashini imekufa.

Muone vizuri hapa. Kuko mambo mbili mbalimbali. Moja ni kumaliza kazi mingi mu siku. Ingine ni kujibu haraka mutu akiita. Mashini inaweza kuwa na nguvu sana ku ya kwanza na kukosa kabisa ku ya pili. Ukinunua mashini mupya yenye robine 8 bila kupanga mulongo, yule mutu ataleta bidoni arobaini.

Punguza mukubwa, usiinue mudogo

Dawa ni kumwambia mwenye bidoni ishirini: "Ndugu, jaza zako, lakini mutu mwenye kikombe akija, mupe njia." Kwa mashini zenye ziko na Windows ya Kifaransa, unafanya hivi.

Bonyeza pamoja Ctrl, Maj na Échap. Inafunguka Gestionnaire des tâches. Kama iko ndogo, bonyeza Plus de détails. Ku pahali pameandikwa Processus, angalia programu gani inakula ku mustari wa Processeur. Kisha ingia ku Détails, tafuta ile programu, bonyeza upande wa kuume wa souris, chagua Définir la priorité. Kuko ngazi sita: Temps réel, Haute, Supérieure à la normale, Normale, Inférieure à la normale, Basse. Tia ile kazi kubwa ku Inférieure à la normale ao ku Basse. Mashini itakuuliza kama unakubali, kubali.

Ni paka hivyo. Kijana alifanya ile kitu mbele yangu, na programu ilikuwa inasoma picha kwa nguvu yote. Mushale ukaanza kutembea sawa vile hakuna kitu.

Mimi, vile niko mutu wa sendika, nilishuku. Nikamuuliza: "Sasa ile kazi yetu umeitia nyuma. Haitachelewa?" Akajibu: "Papa, saa sita ya muchana hakuna mutu ku robine. Yule wa bidoni ishirini anajaza zote peke yake."

Hiyo njo neno kubwa ya hii hadithi yote. Kutia kazi ku Basse haiko kuipunguzia maji. Kama hakuna mwingine mwenye anaomba, inakamata robine zote 4 sawa mbele. Inatoa njia tu wakati mutu anaandika ao anasukuma souris, na hiyo ni kidogo sana. Kazi yetu haikuchelewa na kitu yenye tuliweza kuona ku saa ya ukuta.

Kuko makosa mbili za kukimbia. Ya kwanza, watu wengine wanafanya kinyume: wanaacha kazi kubwa pale iko, wanapandisha programu yao ya kuandika ku Haute, kisha ingine, kisha ingine. Mwisho wote wako wakubwa, na mulongo unarudi vile ulikuwa. Punguza moja mwenye anasumbua, wengine watapata nafasi. Ya pili, usiguse kamwe Temps réel. Ile ngazi inaweza kupita hata kazi za mashini yenyewe, na souris na klavye vinaweza kukwama kabisa. Utarudi ku kuvuta waya kama mimi.

Mujue pia: ukifunga programu, ile ngazi inapotea. Kesho ukiifungua inarudi ku Normale. Inaomba kurudilia.

Kuacha robine moja wazi

Kama Basse haitoshe, kuko njia ingine. Pale pale ku Détails, muko Définir l'affinité. Inaonyesha robine zote za mashini, kila moja na alama yake. Ondoa alama ku moja, basi ile programu haitaigusa tena. Mashini ya robine 4, kazi kubwa inakamata 3, moja inabakia ya watu wa kikombe.

Lakini hapa unalipa. Hata usiku, wakati hakuna mutu, ile robine moja italala bure. Kwa hiyo tunaanza na priorité kwanza, affinité kisha, kama iko lazima.

Programu zingine ziko na adabu yao ndani. 7-Zip, yenye inakunja mafaili ili yakuwe madogo, inakuachia kuchagua ikamate cœurs ngapi. HandBrake, yenye watu wanatumikisha kwa kupunguza video za formation ya usalama ili ziingie ku telefone, nayo iko na pahali pa kuchagua priorité mu mipango yake. Tafuta humo mbele ya kutafuta mbali.

Munganga wa Australia

Hii maneno ya mulongo haikuanza ku biro yetu. Kuko watu waliigombania miaka mingi, na hadithi yao itafurahisha kila mutu wa sendika.

Kuko sistemi ya ordinatere inaitwa Linux. Ni ya bure, na kila mutu mwenye anajua anaweza kuitengeneza. Makampuni makubwa yanaitumikisha ku serveri, zile mashini zenye zinatumika usiku na muchana na hakuna mutu amekaa mbele yake. Serveri inataka kumaliza kazi mingi. Haina mama mwenye anangojea barua.

Mu Australia kulikuwa munganga, Con Kolivas. Kazi yake ni anesthésie, kulalisha wagonjwa mbele ya kuwapasua. Kuandika programu alijifunza mwenyewe. Na alisimama kwa mashini ya mutu wa kawaida, ile ya nyumbani, ili isikwame wakati wa kazi nzito. Mu 2007 alileta mupango wake wa kugawanya prosesere kwa haki, kila programu na zamu yake. Kisha kidogo Ingo Molnár, mutu wa Hungaria mwenye alikuwa anatumika ku kampuni Red Hat, akaandika wake, wenye kusimama pia juu ya haki, akasema wazi kama Kolivas njo alionyesha njia. Wa Molnár njo uliingia mu Linux, mu mwezi wa 10 wa 2007. Kolivas akaacha. Mu 2009 akarudi na mupango mwingine, mufupi, wa mashini ndogo tu.

Mu 2010 mutu mwingine, Mike Galbraith, akaleta mistari kama 200 hivi ya programu, na ilishangaza watu. Mbele yake, Linux ilikuwa inagawanya maji kwa kila bidoni. Yeye akasema: tugawanye kwa kila nyumba. Kama nyumba moja inaleta bidoni ishirini, zote pamoja zihesabiwe kama nyumba moja. Iliingia mu Linux mu mwezi wa 3 wa 2011. Mama zetu ku mulongo wa maji walikuwa wanaijua hiyo sheria tangu zamani.

Kama mashini yenu iko na Linux, kuko amri inaitwa nice, neno ya Kiingereza yenye kumaanisha mutu mwema, mwenye adabu. Ngazi zake zinaanza ku -20 mpaka 19. Mwenye 19 njo ana adabu kupita wote, anaachia kila mutu njia. Unaandika nice -n 19, kisha jina ya programu. Kama programu inatembea tayari, unatumikisha renice. Kila mutu anaweza kujishusha. Kwa kupanda chini ya zero, inaomba ruhusa ya mukubwa wa mashini. Na mimi naona hiyo ni sheria muzuri.

Kama kisima hakiko prosesere

Sasa musiende mbio. Mbele ya kushusha mutu, angalia kama kweli ni prosesere yenye imejaa. Mu Gestionnaire des tâches kuko mistari mitatu ya kuangalia: Processeur, Mémoire, Disque.

Mémoire ni meza yenye mashini inatumikia. Disque ni depo. Meza ikijaa, mashini inaanza kubeba vitu ku depo, kisha inavirudisha, inabeba vingine. Kama disque ni ya zamani, yenye kuzunguka, hiyo safari ni ya polepole sana. Ukiona Mémoire iko karibu ya 100% na Disque nayo iko 100%, lakini Processeur imepumuzika, kushusha priorité haitasaidia. Funga kwanza kurasa za intaneti zenye umefungua na kusahau, kila moja inakamata nafasi ku meza. Kama bado, hapo njo franka zinaweza kusaidia: kuongeza kipande cha mémoire, ao kubadilisha disque ya kuzunguka na SSD. Vyote viwili ni bei ya chini kuliko mashini mupya.

Kitu ya pili ni moto na vumbi. Prosesere ikipata moto mingi inajipunguza nguvu yenyewe, ili isiungue. Hapa kwetu, mu kiangazi, munajua vumbi nyekundu yenye inaingia hata ndani ya sanduku yenye imefungwa. Tulipofungua mashini yetu, radiateri ya prosesere ilikuwa imevaa koti. Zima mashini, chomoa waya, fungua, pangusa polepole na burashi laini yenye imekauka, shikilia ventilateri na kidole ili isizunguke. Musilete compresseur ya atelier: nguvu yake inavunja, na mara mingi inatoa maji. Na ordinatere isikae chini ku simenti. Iweke juu ya meza.

Wachimbaji wa siri

Ya tatu ni mwizi, na huyu mwizi ni wa kazi yetu. Kama mashini iko inalia, ventilateri inapiga kelele, Processeur iko juu, na weye haufanye kitu, shuku. Kuko virusi zenye zinaingia na programu za kuiba ao na clé USB yenye imepita ku kila biro, zinakaa kimya, zinatumikisha prosesere yako kwa kutafuta franka za intaneti, kama ile inaitwa Monero. Watu wanaita hiyo kazi kuchimba. Mashini yako inachimba, umeme unalipa weye, faida inaenda ku mutu wenye haujue sura yake. Sisi watu wa Kolwezi haiombe kutuelezea sana hiyo habari.

Zingine ziko na akili: ukifungua Gestionnaire des tâches zinasimama, ukifunga zinaanza tena. Hapo kupunguza priorité haina maana. Tia antivirusi yenye iko ya siku, itafute mashini yote, na muache kutia programu za kuiba. Tuliangalia ku mashini yetu, hatukupata. Lakini ku ya biro jirani tulipata.

Alhamisi na Ijumaa

Alhamisi asubui tulianza tena. Hatukutia fishi zote 1.140 kwa mara moja, vile nilifanya Jumatano kama mutu asiyejua kama umeme unakatika mu hii muji. Tuligawanya kwa mafungu 19, kila fungu fishi 60, ni kusema wafanyakazi watano. Fungu likiisha, tunalinda tablo ku disque na ku clé USB, kisha lenye kufuata. Umeme ukikatika, tunapotesha fungu moja, hatupoteshe siku. Umeme ulikatika mara mbili, na ni hivyo kweli ilikuwa.

Programu ya kusoma tuliitia ku Basse. Kamarade wangu akakaa mbele ya tablo, anasahihisha 8 na 3, kila herufi inatokea pale pale anaibonyeza. Prosesere ilikuwa 100% siku nzima. Mbele nilikuwa naogopa ile hesabu. Sasa najua 100% haiko ugonjwa, ni mashini inatumika. Ugonjwa ni mutu kuita na kukosa jibu.

Saa nane hivi, yule mama akarudi. Alikuwa anaomba kopi ya pili ya barua, ya kulinda ku nyumba. Nikafungua programu ya kuandika, ikafunguka. Nikaandika mistari munane, nikapiga imprimante, nikatia stampi, na nyuma yake mashini ilikuwa ku fungu la 11. Mama akaniuliza: "Papa, munanunua mashini mupya?" Nikamwambia hapana, mama, ni ile ile.

Usiku wa saa tano tukamaliza. Ijumaa asubui tukafikisha dosye ku Inspection, tukapewa accusé de réception na tarehe juu yake. Kupatana bado kunaendelea, siwezi kusema kitu hapa. Lakini ule mwezi wa kwanza haukukufa.

Ku ukuta wa biro yetu, juu ya ile waya nilivuta, sasa kuko karatasi. Mwenye anataka aiandike na aitundike kwake:

1. Mashini ikikwama, usivute waya. Ngojea dakika chache, fungua Gestionnaire des tâches.

2. Angalia kwanza nani amejaa: Processeur, Mémoire, ao Disque.

3. Kazi kubwa inaenda ku Basse. Temps réel, hapana.

4. Kazi kubwa inagawanywa kwa mafungu, na kila fungu linalindwa.

5. Kila mwezi, vumbi na antivirusi.

6. Mutu mwenye amekaa mbele ya meza anapita wa kwanza.

Ya sita niliiandika na mukono wangu mwenyewe.